Kawaida hadi Juu ya Kawaida

Mwezi wa Oktoba hapa Lubumbashi kila mtu ni mtabiri wa mvua, isipokuwa mimi, maana lazima abaki mmoja wa kuwasikiliza wengine. Dereva wa basi dogo anatabiri huku kiwiko kikiwa nje ya dirisha. Shemeji yangu anatabiri kwa goti la kushoto. Jirani yangu, mstaafu wa kampuni ya madini ya Gécamines, anatabiri kwa kumbukumbu: joto lolote la siku hizi analipambanisha na la enzi za Mobutu, na la Mobutu linashinda. Na simu yangu, ambayo sikuiuliza kitu, inaniletea kila asubuhi picha ya kawingu kenye asilimia 40 pembeni.

Asilimia 40 ya nini? Mvua za kwanza hapa hazinyeshei mji, zinanyeshea watu. Wingu linajijenga mchana kwa joto, linachagua komini yake, linamwaga, linaenda zake. Ruashi wanapanga ndoo chini ya mabati, Katuba wanafagia vumbi jekundu. Komini ziko saba. Nimepiga hesabu: asilimia 40 ya saba ni komini mbili na sehemu kubwa ya ile ya tatu. Sasa naomba niambiwe kama naishi kwenye hiyo sehemu kubwa au kwenye hiyo sehemu ndogo, kwa sababu nguo ziko kwenye kamba.

Nikifungua habari za televisheni, kunanyesha. Lakini kunanyesha Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, ambako masika yao huanza mapema kuliko yetu. Mtangazaji anatuusia wananchi tusisahau mwavuli. Mimi mwananchi nimekaa bila shati, feni imesimama kwa kukosa umeme, naangalia habari kwenye simu ya mtoto, na mwavuli wa mwisho niliokuwa nao umegeuka kivuli cha mama anayeuza maandazi pale kona.

Stesheni za Afrika Kusini ndizo zinanichokoza kabisa. Wale ndugu tarehe 1 Septemba wanasherehekea kuingia kwa majira ya maua, wanavaa nguo za rangi, wanachekeana. Kwenye ramani yao na sisi tumo, kule juu karibu na fremu, tumepewa jua moja kubwa lisilo na maelezo. Maua tunayo, sikatai. Jakaranda zinamwaga zambarau barabarani, na huko porini miti ya miombo inatoa majani mapya mekundu kabla hata tone moja halijaanguka. Jinsi inavyojua kuwa mvua inakuja, bila simu wala goti, ni jambo ambalo ningependa mtu aieleze serikali.

Halafu kuna hilo jua lenyewe. Mwezi wa Julai tulilia baridi, tukavaa makoti, tukaota moto wa jiko la mbabula hadi moshi ukaingia kwenye blanketi. Watu wa kwingine hawaamini kwamba Kongo kuna baridi. Waje walale hapa, mita 1,200 juu ya bahari, usiku wa kiangazi. Lakini ikifika karibu tarehe 24 Oktoba, jua la saa sita mchana linakuwa utosini kabisa, mtu anatembea akikanyaga kivuli chake mwenyewe. Mawingu bado yanasuasua kaskazini, vumbi na moshi wa mapori yaliyochomwa vimetanda, na mji mzima unanuniana. Ukitaka kuoa, ukitaka kukopa, ukitaka kumwambia mwenye nyumba kwamba paa linavuja, usiende Oktoba.

Wapo wataalamu wa kweli, na hao nawaheshimu. Kila mwaka kabla ya masika, wanasayansi wa nchi za SADC, jumuiya ambayo Kongo iliingia mwaka 1997, wanakutana kwenye jukwaa lao liitwalo SARCOF. Wanapima joto la bahari, la Pasifiki na la Hindi, wanaangalia kama El Niño imeamka au imelala, kisha wanatoa mtazamo wa miezi mitatu mitatu: Oktoba hadi Desemba, Novemba hadi Januari, na kuendelea. Ramani inapakwa rangi vizuri. Unatafuta kwenu, unakuta pameandikwa: mvua ya kawaida hadi juu ya kawaida. Mwaka mwingine: ya kawaida hadi chini ya kawaida.

Mimi ni mume wa mtu. Natamani siku moja niulizwe nitarudi saa ngapi, nijibu: saa ya kawaida hadi baada ya kawaida. Tuone kama nitapewa rangi kwenye ramani.

Lakini mambo haya si ya kuchekwa yote. El Niño ya msimu wa 2023 kwenda 2024 ilikausha mahindi ya Zambia hadi Rais Hichilema akatangaza janga la taifa tarehe 29 Februari 2024. Sisi huku tunakula bukari, ugali wetu wa mahindi yanayopita mpakani Kasumbalesa. Hakuna mtu wa Lubumbashi aliyehitaji ramani kuelewa. Bei ya mfuko wa unga ilieleza kwa lugha nyepesi.

Nilijaribu hata kuuliza nyumbani kwa hali ya hewa yenyewe. Tuna mtaa mzima unaoitwa Golf Météo, na rafiki yangu anakaa huko. Nikampigia: mvua lini? Akaniambia yeye huko anajua kodi ya nyumba tu, na hiyo ni ya juu ya kawaida.

Wakulima nao wana lao. Watu wa kilimo wanasema subiri katikati ya Novemba ndipo upande mahindi, kwa sababu mvua ya Oktoba ni ya kuonjesha, inakuja mara moja halafu inapotea, mbegu inabaki ikiuliza iliitiwa nini. Shemeji, mwenye goti, anapanda Oktoba kila mwaka. Kunguru wa mtaani kwake wamenona.

Basi nimekoma kusikiliza wote, nimebaki na mama wa makala, yaani makaa ya kupikia. Mvua ikianza, njia za porini zinakuwa tope, malori yanakwama, kuni zinalowa, tanuri haliwaki vizuri, na makala yanapanda bei. Huyu mama ana watoto wa kusomesha, kwa hiyo anatazama mawingu kwa makini kuliko setilaiti yoyote. Juzi nikamkuta amepandisha bei ya mfuko, na juu hakuna hata wingu la kufunika jicho.

«Papa,» akaniambia, «mvua iko karibu. Bei ya lelo haiko ya kesho.»

Nikamwuliza, na isipokuja?

«Isipokuya, makala haiozi.»

Nikanunua mifuko miwili.