Fisi Aitisha Baraza

Hapo kale, tena si kale sana maana ilikuwa Novemba 1889, Fisi wa Brussels aliitisha baraza. Dola 17 zikaketi, Kasa wa Zanzibar akiwamo. Chui wa Kasongo, walisema, amevuka Lualaba na anazidi kusogea magharibi kukamata paa. Je, aachiwe nchi zile mpya, au azuiwe hapo hapo mtoni?

Fisi alilia mpaka ndevu zake ndefu zikalowa. Baraza likaingiwa na huruma. Nani angethubutu kumkumbusha kwamba mwaka 1887 yeye mwenyewe alimfanya Chui liwali wake wa Stanley Falls, kwa mshahara wa kila mwezi? Au kwamba Kongo anayoililia hajawahi kuikanyaga?

Habari ya paa ilikwisha upesi: utumwa ni uovu, bunduki zipunguzwe, pombe kali idhibitiwe. Hakualikwa paa hata mmoja, basi hapakuwa na wa kuwachelewesha. Ugomvi ulizuka kwenye ushuru. Kuokoa paa kuna gharama, akasema Fisi. Niruhusiwe kutoza asilimia 10 kwa bidhaa zinazoingia. Mkutano wa Berlin wa 1885 ulikuwa umekataza, na Bata wa Uholanzi, mwenye maghala yake Banana, kwenye mlango wa Mto Kongo, akapiga kelele jengo zima likasikia. Minyororo ya paa ilikuwa haijamkosesha usingizi. Asilimia 10 ilimfanya akeshe. Tarehe 2 Julai 1890, wenzake wakitia sahihi, yeye akagoma. Baadaye akalainika, kama wafanyavyo wenye maghala.

Fisi akapata ushuru wake. Mwaka 1891 akatoa amri kwamba pembe za ndovu na mpira wa msituni ni mali ya dola, na dola ni yeye. Kufikia 1894 chui wa Lualaba walikuwa wameshindwa vitani. Paa wakatangaziwa uhuru, kisha wakaamriwa kwenda kugema mpira. Asiyetimiza kipimo, mkewe alishikwa mateka.

Mwaka 1897 Fisi akaleta paa 267 Tervuren, kando ya Brussels, watazamwe kwenye maonyesho. 7 wakafa. Watazamaji wakajazana uzioni. Sungura akamsogelea bawabu.

"Hawa ndio waliookolewa na baraza?"

"Ndio hao."

"Kutoka kwa nani?"

"Kwa Chui."

"Na sasa wanamgemea nani?"

Bawabu akamuuliza kama amelipa kiingilio.