Mota Isiyosaga Kitu

Katika ploti zetu za Ruiru, mwanamume mzima akionekana akisugua paipu ya maji kwa sweta usiku, majirani hawamuulizi kitu. Wanapunguza tu sauti ya redio ili wasikie vizuri.

Ninachotengeneza ni mota ya umemetuli, isiyo na sumaku wala waya wa shaba. Ni chupa ya plastiki iliyosimama kati ya nyembe mbili. Paipu iliyosuguliwa huupa wembe mmoja chaji, nao huirushia chupa. Kwa kuwa chaji za aina moja husukumana, chupa hugeuka, na wembe wa pili, ulioungwa na ardhi, huzifyonza. Volti ni maelfu, lakini mkondo ni mdogo kiasi kwamba msuguano wowote unaizima.

Basi nikaenda Thika kutafuta beringi nyepesi. Muuza spea za bodaboda akanipa iliyozibwa kwa raba pande zote mbili.

“Hii, boss, haiingizi vumbi, na grisi imejaa.”

Grisi hiyo kwa mota yangu ni matope ya barabara ya mtaani mwezi wa Mei. Nikamwomba isiyo na grisi.

“Kwani mota yako ina nguvu gani?”

“Haifiki hata wati moja.”

“Sasa itasaga nini?”

Benjamin Franklin wa Marekani angemjibu. Katika barua yake ya 1749 alijisifu kwamba gurudumu lake la umeme lingeweza kumzungusha ndege mkubwa mbele ya moto hadi aive. Mimi sikuwa na kuku wala jibu. Nikarudi Ruiru, nikasimamisha sindano, nikaifunika kwa kichupa cha dawa cha kioo kilichogandishwa ndani ya chupa yangu. Ikazunguka!

Ilizunguka Januari. Julai ilipofika na manyunyu yake, unyevu ukatanda juu ya plastiki na chaji zikavuja zote. Ajabu ni kwamba msimu ambao kila mtu ana sweta ndio msimu ambao sweta haisaidii.

Mama wa nyumba ya pili ndiye aliyeipatia kazi. Kabla ya kuanika nguo huchungulia dirishani: “Baba, leo kinazunguka?” Kikigoma, haaniki.

Ukitaka kuunda yako, beringi usinunue. Tafuta sindano na kichupa, kisha usubiri jua la Januari.