Jinsi ya Kuzibua Injini ya Boti Ukiwa Uyole

Kanuni ya kwanza ya kuzibua njia za maji za injini ya boti ni kuipeleka mahali pasipo na maji. Kwa watu wa Matema, mahali hapo ni Uyole. Hapa kuna njiapanda, kuna viazi mviringo kwa magunia, kuna malori ya Tunduma yanayohema baada ya Mlima Nyoka, na mwezi wa Juni kuna baridi ya kuvaa makoti mawili. Ziwa Nyasa liko kule chini, zaidi ya kilomita mia moja, ukishapita Isyonje, Kiwira, Tukuyu na Ipinda, na kutoka huku hadi kule unashuka zaidi ya mita 1,200.

Mtu mwenye akili finyu atauliza kwa nini injini isifunguliwe huko huko ziwani. Huko yuko mvuvi mmoja ambaye angeulaza mguu wa injini kivulini na kumaliza kazi kabla ubwabwa haujaiva. Lakini huyo ni jirani. Ukimlipa utaona umemdekeza, usipomlipa ataona umemdharau, na vyovyote iwavyo hana ovaroli. Fundi wa kuaminika ni yule wa mbali, mwenye gereji na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu. Kwa hiyo kodi pikapu.

Kabla ya kuondoka, hakikisha injini imeharibika kweli kweli. Hili hufanyika majini na halihitaji spana, unahitaji tu kutotazama nyuma. Injini ya boti haina rejeta. Ziwa lote ndilo rejeta yake. Maji huingia kwa matundu madogo ubavuni mwa mguu, yakasukumwa na kigurudumu cha raba chenye mapezi, ambacho mafundi hukiita impela, yakapanda kwa bomba jembamba hadi kwenye silinda, yakapita thamostati, kisha yakarudi chini kutokea pamoja na moshi. Kiasi kidogo hutokea nyuma kwa kitundu chembamba, kikiruka juu ya maji. Ndiyo ule mchirizi ambao wenye boti, watu wasio na haya, husema injini inakojoa. Kwenye injini ndogo isiyo na king'ora wala taa, mchirizi huo ndio deshibodi yote uliyo nayo.

Basi usiutazame. Siku ya soko umepakia vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe, kina mama wamekaa katikati, mtumba umefunikwa turubai, mchirizi unaanza kuwa mwembamba, halafu unadondoka tone tone, halafu kimya. Abiria mmoja akiuliza, "Kaka, mbona maji hayatoki?" mjibu kwamba injini hii tumezoeana. Ongeza moto. Utasikia harufu ya rangi inayoungua, nguvu itapungua bila wewe kugusa chochote, kisha injini itanoki. Upande mmoja Milima ya Livingstone inaingia ziwani moja kwa moja bila ufukwe wa kuegesha, na chini yako ni mojawapo ya maziwa yenye kina kirefu zaidi duniani, karibu mita 700 sehemu zake za ndani kabisa. Ni mahali pazuri pa kutafakari bei ya raba.

Kuna kipimo cha sekunde chache ambacho lazima ukiepuke kwa gharama yoyote: kuchukua waya mwembamba au kipande cha mshipi wa nailoni na kukichokoa kile kitundu cha nyuma. Injini iliyolazwa nyuma ya nyumba miezi ya upepo wa mwera hupata wapangaji. Nyigu wa udongo hukiona kitundu hicho, hukipenda, na hujenga. Wakati mwingine ugonjwa wote ni huo tu. Ndani maji yanazunguka vizuri, ila njia ya kukuonyesha imezibwa. Ukichokoa, udongo utatoka, mchirizi utarudi, na safari ya Uyole itakuwa imekufa. Utamwambia nini mwenye pikapu?

Vivyo hivyo usikague yale matundu ya kuingizia maji. Humo utakuta nyasi, kipande cha nyavu, au mfuko wa nailoni uliokwisha pigwa marufuku nchini tangu 2019 lakini haujapata taarifa. Na mchanga, bila shaka, hasa kama wewe ni nahodha wa ile shule inayopandisha boti ufukweni injini ikiwa bado inanguruma, ili watu waone. Pampu haichagui: inakunywa ilichopewa. Masika mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo ikishusha tope, inakunywa na hilo.

Sasa tumefika Uyole. Fundi anatoka chini ya lori, anapangusa mikono, anaitazama injini iliyolala juu ya tairi.

"Imechemsha hii, mzee."

"Ndiyo, fundi."

"Rejeta iko wapi?"

"Haina."

Anaizunguka polepole, anainama, anainuka. "Wameiba huko huko Matema?"

Usicheke. Mtu huyu ameokoa malori mengi kuliko utakayopanda maisha yako yote. Yaliyochemsha Kitonga yakafika hapa kwa kudra na madumu ya maji, yeye ndiye aliyeyafungua. Na kwa injini yoyote iliyochemsha, barabara hii ya kwenda Zambia ina dawa moja: kung'oa thamostati na kuitupa. Gari likichemka, ng'oa. Lisipochemka, ng'oa lisije likachemka. Atakupa sababu zote, na kwa kuwa anaongea huku akifungua, ukimaliza kumsikiliza thamostati itakuwa tayari iko kwenye majani.

Iokote. Injini ya boti isiyo na thamostati hukimbia ikiwa baridi mno, mafuta hayaungui sawasawa, plagi zinapata masizi, na utarudi hapa na ugonjwa mpya. Kuipima ni kazi ya jikoni. Mwombe mama lishe sufuria, tia maji, ining'inize thamostati kwa uzi isiguse chini, washa moto. Thamostati nyingi za injini za boti hufunguka kwenye nyuzi 50 hadi 60 hivi, chini sana kuliko za malori, na mara nyingi kiwango kimechapwa kwenye bati lake. Uyole maji huchemka kwenye nyuzi 94 tu kwa sababu tuko juu, jambo ambalo mama lishe analijua bila kipimajoto: maharage yake, hata yawe Njano Uyole yaliyozaliwa hapo kituo cha utafiti, hayana haraka. Hata hivyo nyuzi 94 zinatosha na kubaki. Thamostati ambayo haikufunguka hadi maji yanatokota, imekufa, usiusingizie mwinuko. Ikifunguka, irudishe mahali pake mbele ya macho ya fundi. Sufuria nayo ioshe kwa sabuni mara mbili, au ule kwingine mchana huo.

Hapo ndipo atatokea mjuaji, na siku zote yupo, amekaa kwenye benchi la gereji na soda. Yeye alishaishi Dar es Salaam. Atakuambia injini za boti huzibuliwa kwa siki. Kwa Kigamboni au Bagamoyo ana haki: chumvi ya bahari hujenga ukoko ndani ya njia za maji, na siki au asidi ya limau huulainisha. Ndiyo maana kule mwenye akili huisuuza injini yake kwa maji ya bomba kila anapotoka baharini. Ziwa Nyasa halina chumvi ya kukuletea ukoko huo. Lakini mruhusu amwage. Gereji itanukia kachumbari, naye atajisikia amechangia.

Kazi yenyewe iko kwenye mguu, na ndiyo sababu kila mtu anaikwepa. Mguu umefungwa kwa boliti za chuma zilizozama kwenye aluminiamu, na miaka ya maji imezifunga ndoa. Mpango wa fundi ni spana ndefu na bomba la kuongezea nguvu. Mpango wako uwe mafuta ya kulainisha kutu, moto kidogo, na subira. Boliti ikikatikia ndani, hadithi inahamia kwa mtu wa mashine ya kukereza, na bei inahama nayo. Kumbuka pia kuachanisha fito ya gia kabla ya kuvuta mguu chini. Wasioikumbuka huvuta kwa pamoja, wawili kwa wawili, wakihesabu moja mbili tatu.

Ukifungua nyumba ya pampu utaikuta raba. Na sasa nitaacha utani kidogo, maana hapa ndipo watu wanapotupa fedha. Hesabu mapezi. Kama impela yako ilikuwa na sita na wewe unaona manne, usiseme tu "imeisha" ukatia mpya. Mawili hayo hayakwenda likizo. Yamepanda na maji, yamenasa kwenye bomba, kwenye kona ya silinda, au mbele ya thamostati. Ukiyaacha, impela mpya itasukuma maji kwa nguvu zote dhidi ya ukuta, na wiki ijayo utasema spea za siku hizi ni feki. Yatafute mpaka yatimie. Vuka barabara kwa fundi matairi mwenye kompresa, upulize kutoka juu kwenda chini, kinyume na njia ya maji, ili yarudi yalikotoka. Ukipuliza kutoka chini, unayakandamiza zaidi. Yapange juu ya gazeti karibu na impela ya zamani, kipande kwa kipande, mpaka duara likamilike. Fundi atakuona una kichaa. Vumilia.

Impela mpya atakupatia palepale. Atachukua raba ya tairi, ile ile ya kukatia katambuga, na kisu chake, na kwa dakika chache atakuchongea kitu chenye mapezi kinachopendeza kabisa. Kipokee kwa mikono miwili, mshukuru, kaning'inize ukutani nyumbani. Raba ya kufanyia kazi agiza Dar au Mwanza, ije na basi, na usiagize kwa kusema "ya Yamaha arobaini." Arobaini ni nguvu za farasi, na injini za nguvu hiyo ziko za aina nyingi. Soma namba kwenye bati dogo lililoko kwenye mabano ya kufungia botini, uitume kama ilivyo.

Kuipachika: paka maji ya sabuni, zungusha shafti kwa mwendo wa mshale wa saa ukiwa unaisukuma nyumba ya pampu chini, ili mapezi yote yalale upande mmoja. Kuna kichuma kidogo kinachoishikilia impela kwenye shafti. Kitaanguka. Kitaanguka kwenye majani, saa ambayo jua linazama na kuku wa jirani wanapita. Tandika turubai kwanza. Na fundi akifungua tyubu ya silikoni mshike mkono, kwani kwake gasketi isiyotokwa na silikoni pande zote haijafungwa. Inayotokeza nje unaiona. Inayotokeza ndani inakatika, inaelea, na inakwenda kuziba pale pale ulipotoka kuzibua.

Aliyeieneza injini ya aina hii alikuwa Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekulia Marekani. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia siku ya joto akipiga makasia kumpelekea mchumba aiskrimu, ikayeyuka kabla hajafika, na kufikia 1909 alikuwa na injini yake huko Milwaukee. Angekuwa Uyole mwezi wa Juni aiskrimu ingefika nzima, na sisi leo tungekuwa tunapiga makasia.

Limebaki jaribio. Umati umeshakusanyika, maana injini ya boti njiapanda ya Uyole ni sinema, na kila mmoja anataka isikike. "Iwashe kidogo tu, bila maji, tusikie mlio." Hao ndio maadui zako. Raba iliyosafiri kutoka Mwanza inaweza kuungua katika muda mfupi kuliko wa kusema "zima," kwa sababu maji ndiyo yanayoilainishia njia. Tafuta pipa la lita 200, lijaze mpaka maji yapite juu ya usawa wa pampu, funga injini kwenye ubao imara, gia iwe huru, kisha vuta kamba. Itakohoa, itafuka moshi wa buluu, itashika. Subiri kidogo. Mchirizi utaruka, na kwa kawaida humpata yule mjuaji wa siki kifuani. Weka kidole: uwe na uvuguvugu usiounguza.

Ukiipakia kwenye pikapu, kichwa kikae juu kuliko mguu safari nzima, maji yaliyobaki mguuni yasije yakaingia silinda kwenye kona za Tukuyu. Lipa. Ukishalipa, iokote ile raba ya zamani pamoja na vipande vyake kwenye gazeti, uitie mfukoni. Ukimwachia fundi, msimu ujao utauziwa wewe mwenyewe, imepakwa grisi, na utaambiwa imetoka Mwanza.