Shangazi na Wanaotaka Kwenda Laivu

Barua ya kwanza imetoka Mbagala, kwa katibu wa kamati ya harusi. Ndugu wa bwana harusi wako Maskati na Minnesota, nao wanataka kuona kila kitu moja kwa moja. Mpiga video ametaja bei iliyomfanya mweka hazina aombe maji ya kunywa. Je, wakope wanunue kamera yao?

Shangazi, mwenye safu hii, alishasema hapana kabla hajafika mwisho wa barua. Simu aliyoandikia katibu inatosha. Kinachotakiwa kununuliwa ni stendi na maiki ndogo ya kubana kwenye kanzu ya sheikh, kwa sababu bibi wa Maskati atavumilia picha yenye ukungu, lakini asiposikia nikaha atapiga simu ukumbini. "Mwanangu," anamwandikia, "simu ikikaa mita kumi kutoka kwa sheikh, itarekodi feni."

Kisha wapige hesabu ya bando. Kwa picha ya 720p, YouTube inashauri kurusha megabiti 4 kwa sekunde. Saa moja inameza karibu GB 1.8, na harusi ya saa tano GB 9. Kasi ya kuangalia ni ile ya kupakia, siyo ya kupakua inayotangazwa kwenye mabango. Ipimwe ukumbini penyewe, jioni, maana wageni mia mbili wakitoa simu zao kwa pamoja mnara unazidiwa. Wawe na laini ya mtandao mwingine mfukoni. Simu inayorusha iwekwe kwenye hali ya ndege, halafu ipewe Wi-Fi kutoka simu ya pili. La sivyo mpishi atapiga kuuliza mchele uko wapi, na Minnesota yote itaganda bi harusi akiwa mlangoni.

Kutoka Tanga ameandika kijana mcheza gemu mwenye wafuatiliaji 34, mama yake akiwa amejiunga kwa akaunti mbili. Simu inamkatalia kwenda laivu. Sababu ni rahisi: kwa simu, YouTube inataka wafuatiliaji wasiopungua 50. Kwa kompyuta sharti hilo halipo, na OBS Studio, programu iliyotoka 2012, hailipiwi hata senti. Aiwashe huduma ya kwenda laivu mapema, kwani kibali cha mara ya kwanza huweza kuchukua saa 24. Shangazi akamtajia Justin Kan, aliyeanza mwaka 2007 huko San Francisco kurusha maisha yake akiwa na kamera kwenye kofia na kompyuta kwenye begi mgongoni. Humo ndimo ilimozaliwa Twitch, ambayo Amazon iliinunua mwaka 2014 kwa dola milioni 970.

Kijana amejibu siku hiyohiyo. Anauliza kofia zinauzwa wapi.

Mwisho ni mwenyekiti wa kwaya, Dodoma, ambaye matangazo yake yalikatwa katikati ya ibada kwa madai ya hakimiliki, ilhali nyimbo zote ni za kwaya yenyewe. Shangazi alisikiliza rekodi na kumkuta mtuhumiwa: spika ya baa jirani, iliyokuwa ikipiga bongo fleva. Mitambo ya YouTube hukagua muziki hata wakati matangazo yanaendelea, na haijali nani kaupiga. Maiki isogezwe karibu na waimbaji, madirisha ya upande wa baa yafungwe. Yakishindikana hayo, aende kwa balozi wa nyumba kumi.