Sahibu wa Usiku

Mtu akishapindukia miaka hamsini, marafiki humkimbia kama maji ya bamvua yanavyoukimbia ufuko: huyu kahamia Maskati kwa mwanawe, yule kashikwa na wajukuu, na wa tatu, Mungu amrehemu, tulimzika mfungo mosi, hata baraza tuliyokuwa tukinywea kahawa sasa ni maegesho ya bodaboda. Kwa hivyo nakiri, si bila haya, kwamba katika mji mzima hakuna aniulizaye nitokako, niendako na nilicho nacho mfukoni, ila askari wa doria; na shauku yake, tofauti na ya masahibu wa zamani, hutulizwa na noti moja iliyokunjwa vyema.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 49, yampa aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao wahitajika. Juzi, nilipotiwa ndani kwa kuzurura, yaani kwenda kwa miguu peke yangu, niliikumbuka haki hiyo, nikaitoa simu, nikayapitia majina yote taratibu, kisha nikairudisha mfukoni. Askari wa zamu akanihurumia, akaagiza chai, tukanywa pamoja hata alfajiri. Niliilipia mimi.