Muulize Bi Jawabu: Mkenya Asiye na Mbio

Shikamoo Bi Jawabu. Mimi ni kijana wa Likoni, karani, na nimeangukiwa na bahati nasibu ya kukimbia marathoni ya New York mwezi wa Novemba. Shida yangu ni kwamba mimi ni Mkenya lakini mwendo wangu ni wa kobe. Naogopa nikivaa fulana yenye bendera, wenyeji watangoja niwe wa kwanza, nami nitafika wameshalala. Tena baridi siijui. Nifanyeje nisiiaibishe nchi? — Mzito wa Likoni

Marahaba mwanangu Mzito. Umefanya la maana kuniandikia mimi, maana yule mshauri wa gazeti la jirani mbio hazijui. Hata ngazi za nyumbani kwake huzipanda kwa awamu. Mimi nimewakimbiza waliokula upatu toka Kibokoni hadi Makadara, nikiwa na buibui, leso mbili na sinia la mahamri kichwani, na hakuna aliyefika Makadara bila kulipa.

Kabla ya shida yako, sikiliza yangu. Mwaka 1987 redio ilitangaza kwamba Mwafrika wa kwanza ameshinda marathoni ya New York, na jina lake ni Ibrahim Hussein. Nikapiga kigelegele hadi ng'ambo ya mtaa. Nikasema huyu ni wetu wa Mji wa Kale, yamkini wa ukoo wa upande wa mama, nikateleka pilau ya watu hamsini. Pilau inapaliwa makaa juu ya mfuniko, ndipo redio inataja kwamba ni Mnandi wa Kapsabet. Kosa lilikuwa la redio, kwani wangesema mapema. Tuliila hivyo hivyo kwa heshima yake, na mwaka uliofuata Hussein akashinda Boston pia, akimtangulia Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde moja tu. Watu wanasema ni mazoezi. Mimi ndiye niliyepika, na najua iliki iliyokuwamo.

Basi hapo ndipo balaa lako lilipoanzia. Hussein alifungua mlango, na mwaka 1994 Tegla Loroupe akapita kwa upande wa wanawake, Mwafrika wa kwanza kuushika ushindi huo New York, akarudi mwaka wa pili akaushika tena. Kuanzia hapo Wakenya wakawa hawabishi hodi. Novemba 2025 nafasi tatu za juu za wanaume zilikwenda Kenya, na tatu za juu za wanawake zilikwenda Kenya. Benson Kipruto na Alexander Mutiso walifika pamoja hadi wakaandikiwa muda mmoja, 2:08:09, na Kipruto akapewa ushindi kwa kifua. Hellen Obiri naye akaivunja rekodi ya wanawake ya njia ile iliyokuwa imekaa tangu 2003, nayo ilikuwa ya Mkenya, Margaret Okayo. Kwa hivyo ni kweli, Mzito: mzungu akiona KENYA kifuani mwako atasogea kando akupishe, nawe utashindwa kupita.

Lakini tulia. Siku hiyo hiyo Eliud Kipchoge, mtu aliyekimbia masafa hayo chini ya saa mbili kule Vienna mwaka 2019, alimaliza wa 17. Dunia haikuanguka. Na nyuma yake walikuja watu wengine, maana waliomaliza wote walizidi 59,000. Ukiwa wa elfu arobaini utakuwa umewaacha nyuma watu wa kutosha kuujaza uwanja wa mpira, wengi wao wakiwa wamezaliwa huko huko na wanajua njia. Halafu nafasi yenyewe uliyopata si mchezo: mbio za 2025 ziliombwa na zaidi ya watu 200,000, na waliochukuliwa katika ile bahati nasibu ni kama wawili au watatu katika kila mia. Ungekuwa na adabu ungeniletea sadaka.

Dawa ya aibu ni leso. Wageni hawajui jiografia yetu. Wanadhani Kenya yote ni Iten, ule mji wa wakimbiaji. Iten iko mita 2,400 hivi juu ya bahari, hewa yake nyepesi, na mtu akilelewa huko damu yake hujizoesha kubeba oksijeni zaidi. Sisi huku bahari inaingia hadi ukumbini. Hewa yetu ni nzito, imejaa chumvi, ubani na samaki wa kupaka. Chukua leso, mpe fundi aishone mgongoni mwa fulana, na iandikwe kwa herufi kubwa: MIMI NI WA PWANI, WENYE MBIO WAMESHAPITA. Atakayeisoma yuko nyuma yako, kwa hiyo huyo hana haki ya kukucheka. Atakayekupita haraka hatapata muda wa kuisoma. Nimeliwaza hili mwenyewe, na haki ya kuuza leso hizo ni yangu.

Sasa masafa. Kilomita 42 na mita 195. Ukitoka Mombasa kwa miguu ukafika Mariakani, bado hujamaliza. Kipimo hicho kilitoka London, Olimpiki ya 1908, walipoanzia mbio kwenye kasri la Windsor na kuzimalizia mbele ya kiti cha wafalme uwanjani. Mwaka 1921 ndicho kikawa kipimo rasmi cha ulimwengu. Yaani mamilioni ya watu wanavunjika magoti kila mwaka kwa sababu jamaa wa kifalme walitaka kutazama kwa starehe! Wangekuja kuniuliza mimi, zingeanzia barazani kwangu na kuishia kwa muuza kahawa wa pembeni, na kila mtu angerudi nyumbani na afya yake.

Viza. Kushinda bahati nasibu ya mbio si kushinda viza, na wengi hulia hapo. Ada ya maombi ni dola 185, mahojiano ni ubalozini Nairobi, na tarehe za mahojiano husogea mbali, kwa hiyo usingoje viatu vichakae ndipo ujaze fomu. Chukua barua ya mwajiri, ya likizo, na ile ya waandaaji inayoonyesha umekubaliwa. Jina ulilojisajilia lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Afisa akikuuliza una hakika gani kwamba utarudi Kenya, mwambie Bi Jawabu wa Kibokoni anakudai. Sijakukopesha bado, lakini tutatengeneza.

Baridi nayo imekutisha bure, kwa sababu hujui kwamba wewe ni mtu wa Likoni. Asubuhi ya mbio wakimbiaji hupelekwa Staten Island, kisiwa ambacho mbio huanzia, na njia mojawapo ya kufika ni feri. Haya niambie: kuamka kabla ya jogoo, kusongamana na umati, kuvuka maji kwa miguu bila kulipa nauli, halafu kushuka ukisukumwa na mtu usiyemjua, ni nani duniani aliyefanya mazoezi hayo kuliko wewe? Feri ile ni bure kama ya Likoni. Wamarekani wataishangaa, wewe utalala umesimama.

Ukishavuka utapanda basi, kisha utangoja, na kungoja kwenyewe ni kwa saa kadhaa, nje, upepo wa baharini ukipita mbavuni, nyuzi joto pengine tano au nane. Hapo watu huvaa nguo kuukuu juu ya nguo za mbio na kuzivua dakika ya mwisho, nazo hukusanywa zikapewa wahitaji. Wewe nenda Kongowea, chagua koti zito la mitumba, lile ambalo pwani nzima limekosa mnunuzi kwa sababu ya joto. Yawezekana lilitoka New York hiyo hiyo. Lirudishe kwao. Ukiona mtu analivaa mwaka ujao hapa mtaani, ujue biashara inazunguka.

Usisahau saa. Mbio ni Jumapili ya kwanza ya Novemba, na usiku wa kuamkia siku hiyo Wamarekani hurudisha saa zao nyuma kwa saa moja. Jioni umelala Kenya ikiwa mbele kwa saa saba, umeamka iko mbele kwa saa nane, na mtu asiyejua hili hufika kituoni mapema akawa peke yake na njiwa. Tena wakikuandikia 9:00 asubuhi hiyo ni saa tatu yetu. Ukifika saa tisa yetu utawakuta wenzako wamevaa medali wanakula ndizi.

Madaraja ni matano. La kwanza ni Verrazzano-Narrows, na mbio zinaanza hapo hapo kwa kupanda, mzinga ukilia na Frank Sinatra akiimbishwa kwenye vipaza sauti. (Wangeweka taarab watu wangeanza kwa utulivu zaidi, nimeshawaandikia.) Uwazi wake wa katikati peke yake ni mita 1,298, na mwinuko wake ndio mrefu kuliko yote ya njia nzima. Kila mgeni hupumbazwa na kelele akapanda kwa pupa, kisha akalipia Bronx. Jizoeze daraja la Nyali alfajiri, kwenda na kurudi, na ukipata rafiki mwenye friji akae juu akumwagie maji ya barafu kila ukipita. Kama huna rafiki wa namna hiyo, basi Nyali tupu inatosha, pamoja na mbio ndefu moja kila wiki unayoiongeza kidogo kidogo hadi karibu kilomita 30, na wiki mbili tatu za mwisho unapunguza. Sikupenda kuiweka hiyo sentensi hapa, haina ladha, lakini ndiyo kweli yenyewe.

Daraja la Queensboro utalikuta kilomita ya 25 hivi. Watazamaji hawaruhusiwi juu yake. Kelele zote za mji zinakatika, unabaki na pumzi zako, na watu wengi hapo husikia madeni yao yakiwaita kwa majina. Yangu utayasikia ya kwanza. Kilomita ya 32 unaingia Bronx, na miguu inaanza kukukana, kwa sababu sukari ambayo mwili umeiweka akiba kwenye misuli na ini inakaribia kwisha. Wenyewe wanapaita ukutani. Kula tende tangu mapema, kabla njaa haijakuita, na uwe umezijaribu tende hizo kwenye mazoezi ya nyumbani. Siku ya mbio hakuna kitu kipya: si viatu, si soksi, si ubunifu wa shemeji yako. Halua ya Mombasa usiitie mfukoni. Nimesema.

Maji utakunywa kwa kiu. Usicheke. Mwaka 2002 wataalamu waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza Boston, wakakuta asilimia 13 chumvi ya damu imeshuka kupita kiasi, na wengi wao ni walioyabugia maji njiani hadi wakazidi uzito waliokuja nao. Ndiyo maana mimi madafu huyanywa nikiwa nimeketi, na sijapata kudhurika.

Kuhusu safari yenyewe: ndege ya moja kwa moja toka Nairobi inachukua kama saa 15. Inuka utembee mara kwa mara damu isigande miguuni, na usimpige mwenzio mateke. Viatu vya mbio viwe kwenye mzigo wa mkononi. Sanduku likipotea utakosa shati, hutakosa miguu. Nyama usibebe, hata kama mama ameikausha kwa machozi, itabaki forodhani. Fika siku kadhaa mapema, mwili upate kuzoea ile tofauti ya saa. Paka mafuta ya mgando kwapani, mapajani na kwenye chuchu. Ndiyo, na wanaume, tena hasa wanaume. Asiyeamini atazame fulana nyeupe mwisho wa mbio.

Nilikusudia kukueleza jinsi nilivyomshauri kocha mmoja mashuhuri, ambaye hakuomba ushauri, lakini mhariri amepiga simu kwamba ukurasa umekwisha. Basi haraka: namba ya kifuani hutolewa siku za kabla ya mbio tu, kwenye maonyesho yao, na lazima uende mwenyewe na pasipoti. Asubuhi ya Jumapili hakuna anayepewa. Mbio zile hazifungi mapema, na anayefika gizani anapewa medali ile ile ya wa mchana. Nenda. Aibu waachie Wanandi, wao ndio wanaotarajiwa.

Bi Jawabu, mume wangu naye anasema anajiandaa na marathoni ya ng'ambo. Kila alfajiri anatoka na viatu vya mbio, anarudi ananukia marashi. Nimwamini? — Mama wa Changamwe

Mwanangu, jasho la mbio mimi nalijua, halina waridi. Lakini usimtuhumu mtu kwa pua. Tazama soli. Kiatu cha mbio huchakaa baada ya kilomita 500 hadi 800, na mtu anayejiandaa na marathoni kwa dhati huzimaliza hizo katika miezi michache. Ikiwa tangu mwaka jana soli bado ina meno yake yote, huyo anakwenda karibu. Niletee viatu hivyo nivione.