Namna ya Kuikomesha Swichi Yenye Kiherehere

Kila nyumba yenye umeme, kuanzia Kashai hadi Nshamba, ina kisanduku ukutani, na ndani yake kuna swichi moja isiyopenda watu wastarehe. Umetumbukiza hita kwenye ndoo ya kuogea, tap! Giza. Kuikomesha si kazi ngumu.

Anza kwa kutafuta wa kulaumu. Kwa miaka mingi umeme wetu umekuwa ukivuka mpaka kutoka Masaka hadi kituo cha Kyaka, basi lawama nayo irudi njia hiyohiyo. Usichungulie kwa jirani kuona kama taa zake zinawaka, utaharibu hoja.

Ikishuka tena, ibane juu kwa soletepu. Kwa bahati mbaya breka nyingi za siku hizi hukata ndani kwa ndani hata ukizishikilia kwa kidole, kwa hiyo itabidi umwite fundi wa bei nafuu airuke kabisa, aunganishe waya moja kwa moja. Swichi hiyo kazi yake ni kuhesabu: umeme ulioingia ndani na uliorudi lazima ulingane. Hita ikivujisha kidogo kwenye maji, hesabu inagoma. Iliyoandikwa 30mA hukata kwa kiasi kisichotosha hata balbu ya wati 10. Ubahili mtupu! Eti kikizidi hapo na kupita kifuani, moyo unaweza kuanza kupapatika.

Novemba, senene wakianza kuruka, mambo yananoga. Unataka kuwatega kwa taa kali na mabati nje? Vuta waya kutoka saketi ya taa za chumbani. Breka ya ampea 10 italalamika, wewe weka ya 32. Waya wa milimita 1.5 uliopita darini hauna mdomo. Utapata moto polepole, plastiki italainika kama ndizi ya kupika, na siku moja utawapata senene wako wamekaangwa tayari, pamoja na kenchi.

Nondo ya ethi nyuma ya nyumba ni nzuri kwa kufungia mbuzi. Waya wake ukichomoka, mbuzi hatakuambia.

Halafu kuna kile kitufe kidogo chenye herufi T. Shemeji yangu wa Muleba anaamini T ni ya Tanesco, kwamba ukikibonyeza wanakuja. Kumbe ni cha kujaribia: kila baada ya miezi michache ukibonyeze, swichi ishuke papo hapo. Isiposhuka, ilishakufa zamani bila kukuaga, na wewe unaoga.

Nilipomtembelea nikambonyezea chake. Tap. Friji ikanyamaza, televisheni ikazimika wakati mtu yuko mbele ya goli, watoto wakapiga kelele.

"Umeiona, shemeji?" akaniambia gizani. "Ndiyo tabia yake hiyo. Kesho namwita fundi aitoe."